Mpaka wa Nusu Kichwa

Jina la Nusu Kichwa hakupewa na adui. Alipewa na mteja, mama mmoja mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi, ambaye siku moja alijitazama kwenye kioo cha saluni, akageuza shingo huku na huku, akasema, "Upande huu kasuka huyu, upande huu kasuka yule. Kumbe hapa hakuna msusi, kuna nusu kichwa mbili." Watu wote walicheka, na msusi mwenyewe akacheka kuliko wote. Tangu hapo ukiuliza njia utaambiwa, mpite fundi viatu, mlango wa bluu, kwa Nusu Kichwa.

Ukweli ni kwamba mikono yake haikuweza kukaa juu. Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Darasani aliinua mkono kujibu swali, na kabla mwalimu hajamwona, mkono ulikuwa umesharudi wenyewe kwenye dawati. Haukuuma. Uliisha nguvu tu, kama tochi ya betri kuukuu. Watu walimwita mvivu, wengine wakamwita mwenye madeko, hadi alipokuwa mtu mzima hospitali ikaupa ugonjwa wake jina refu. Neva inatuma ujumbe, daktari alimweleza, ila misuli haiusikii vizuri. Akapewa vidonge vyeupe, vitatu kwa siku, na akavimeza miaka kumi na mmoja bila kuona tofauti ya maana.

Na mtu mwenye mikono ya namna hiyo alichagua kazi gani? Ususi. Kazi ya kusimama kutwa nzima mikono ikiwa juu ya kichwa cha mwenzako. Ukimuuliza kwa nini, alijibu kwamba yeye alichagua anachokipenda, na kama kuna aliyekosea basi ni mikono.

Alijua namna ya kuizunguka. Mteja aliketi kwenye kigoda kifupi, chini kabisa, ili mikono isipande sana. Nusu Kichwa alianzia sikio la kushoto na kusuka mstari baada ya mstari kuelekea kulia. Mikono ikikataa, kwa kawaida kwenye mstari wa sita, aliweka chanuo chini na kusema, "Wifi, njoo." Wifi, mke wa kaka yake, alikuja kusimama alipoachia yeye na kumaliza mistari kumi na minne iliyobaki, na Nusu Kichwa akaenda kujilaza kwenye benchi la chumba cha nyuma.

Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mstari wake ulilala mnene kidogo na haukumuumiza mtu. Mkono wa wifi ulivuta. Wateja walisema ukisukwa na wifi unalala macho wazi. Kwa hiyo kila kichwa kilichotoka mlango wa bluu kilikuwa na mahali ambapo mistari minene iliishia na myembamba ikaanza, na mahali hapo wenyewe walipaita mpaka. Kila kichwa kilichokamilika kilipigwa picha kwa nyuma, picha ikasafishwa ikiwa na tarehe pembeni, ikabandikwa ukutani ili wateja wachague mtindo. Ukuta mzima ulijaa visogo.

Mwaka huo mipaka ilianza kurudi nyuma. Mistari sita ikawa mitano, siku nyingine minne. Kaka yake, ambaye ndiye mwenye chumba cha saluni, hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa, maana huwezi kugombana na mtu anayekuonea huruma. Alimtafutia msusi mwingine, kijana, wa kuanza tarehe mosi, miezi mitatu mbele. Nusu Kichwa angekaa mlangoni, kwenye kiti chenye mto, kupokea wateja.

"Kiti chenye mto," alimwambia wifi. "Kama paka."

"Kaka yako anakuhurumia."

"Aihurumie miguu ya huyo mteja wa kwanza nitakayemkaribisha. Paka ana kucha."

Kisha akashikwa na mafua. Pua iliziba, kichwa kikawa kizito, na muuza dawa wa kona akampa pakiti nzima ya vidonge vya kuzibua pua, vile vidogo vyekundu, akamwambia ameze siku tano tu kwa sababu vinakimbiza moyo. Siku ya nne alikuwa anasuka na kupiga soga na mteja kuhusu jirani aliyehama bila kuaga, na soga ikanoga, na wifi akatokea mlangoni mwa chumba cha nyuma na sufuria mkononi.

"Wifi, uko mstari wa tisa."

Nusu Kichwa alitazama mikono yake. Ilikuwa juu. Alihisi kuogopa, kama mtu aliyegundua amesimama kwenye bati la nyumba bila kujua amepandaje.

Hakuacha vidonge siku ya tano. Hilo alilikiri baadaye kwa kila mtu na hakujitetea. Usiku alikodoa macho darini, mdomo ulikauka, moyo ulidunda hadi masikioni, na asubuhi aliinuka na kusuka. Siku ya nane alifika mstari wa kumi na nne. Siku ya kumi na mbili akasuka kichwa kizima, mistari ishirini, kutoka sikio hadi sikio, na mama yule mwenye maneno mengi, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye kigoda, akajikagua kwenye kioo akakosa la kusema. Wifi alilia. Ilikuwa tarehe tisa, na kile kilikuwa kidonge cha mwisho.

Muuza dawa alikataa kumuuzia vingine. "Mafua yako yamekwisha, dada. Sikuuzii dawa ya moyo kwenda mbio. Nenda kwa daktari wako ukamwambie."

Akaenda kumwambia. Daktari wa neva alikuwa mzee nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni na mchoro wa misuli ukutani nyuma yake, mtu bila ngozi aliyesimama kama anasubiri nguo zake. Alimsikiliza kwa muda unaotosha kufungua faili.

"Mama, dawa ya mafua inafanya kazi puani."

"Na mimi nilidhani hivyo, daktari. Lakini nilisuka mistari ishirini."

"Ugonjwa huu una siku nzuri na siku mbaya. Ulipata siku nzuri, ukafurahi, furaha ikakupa nguvu. Inatokea." Akaandika. "Vyeupe tutaongeza, badala ya vitatu meza sita. Na hii ni barua ya kazi nyepesi, isiyo ya kuinua mikono. Mpe kaka yako."

Alirudi na barua kwenye pochi na vidonge vingi kwenye mfuko, na alivimeza, kwa sababu miaka kumi na mmoja ya utii haiishi kwa asubuhi moja. Ndani ya wiki tumbo lilikuwa linamsokota, kope zilishuka kufikia saa nne asubuhi, na alipotazama mlango wa bluu aliona milango miwili. Mikono ilikwisha kwenye mstari wa nne, kisha wa tatu. Aliweka chanuo, akaita wifi, akaenda kulala benchi uso ukielekea ukuta. Hakutaka kuona kichwa kikikamilika. Hakuzitazama picha mpya zilizobandikwa. Wiki zile alikuwa na hasira na kila kitu, na zaidi na zile siku kumi na mbili, kwamba zilikuja kumwonjesha na kuondoka.

Lakini hasira ikikaa muda mrefu hupata akili. Asubuhi moja, akiwa na kikombe cha maji na vidonge vyeupe viwili kiganjani, alijiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: hivi vidonge vimewahi kunifanyia nini? Akavirudisha kwenye kopo. Akasimama mbele ya ukuta wa visogo na kuanza kubandua picha haraka, bila kuzikagua, kuanzia za kabla ya mafua hadi ya wiki ile.

"Unafanya nini?" wifi aliuliza, na sauti yake haikuwa sawa, ila Nusu Kichwa hakuijali.

"Nampelekea daktari vichwa vya watu. Maneno yangu hakuyaamini. Tuone kama atabishana na nywele."

"Wifi, acha hizo. Mwambie tu."

"Nilimwambia. Akaniambia nina furaha." Akafunga picha kwa mpira wa nywele. "Twende wote. Wewe ni shahidi."

Njia nzima wifi alitembea hatua mbili nyuma yake.

Daktari hakupendezwa kumwona kabla ya tarehe yake, na alizidi kutopendezwa alipopangiwa visogo arobaini na kitu juu ya meza yake. Nusu Kichwa alimweleza amesimama. Mstari mnene ni wangu, mwembamba ni wa wifi yangu, pale inapokutana ndipo nguvu yangu ilipokwisha. Soma tarehe, hesabu mistari. Daktari alitoa kioo cha kukuzia alichokitumia kusomea maandishi ya maboksi ya dawa, na lazima tumpe haki yake, alisoma. Mstari wa tano, wa nne, wa tano. Kisha wa tisa. Wa kumi na nne. Kichwa kizima, tarehe tisa. Kioo kikasimama pale, na Nusu Kichwa akaanza kuona mlango ukifunguka.

Kisha daktari akaendelea na picha zilizofuata, na akatabasamu.

"Hii ni tarehe kumi na sita. Vidonge vya mafua vimekwisha wiki nzima. Mpaka uko wapi? Mstari wa kumi na nane. Hii ya ishirini na moja, wa kumi na saba. Hii tena, kumi na nane." Aliweka kioo chini taratibu. "Nguvu ilibaki, mama. Na katika wiki hizo ulikuwa unameza nini? Dozi yangu. Kwa picha zako mwenyewe, dawa iliyokusaidia ni hii nyeupe. Sasa unaniambia umeiacha?"

Nusu Kichwa aliziinamia picha. Mistari minene ilikuwa pale, mingi, inapendeza. Aliujua mwili wake. Alijua siku ile alisuka mitatu akaenda kulala. Lakini picha zilisema vingine, na yeye ndiye aliyezileta na kusema zisomwe.

"Mistari hii si yangu," alisema.

"Mkono ni ule ule. Umenifundisha mwenyewe kuutambua."

"Nasema si yangu."

"Mama, mtu akitaka sana kuamini jambo..."

"Nilisuka mimi," alisema wifi.

Alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, amekumbatia pochi mbili, ya kwake na ya wifi yake. Hakuinua macho. "Alikuwa amesuka kichwa kizima. Mtaa mzima ulisikia. Halafu mikono ikaanguka, na wateja wakaanza kuulizana, imekuwaje tena, si alipona. Nami nikaona aibu kwa niaba yake. Akishakwenda kulala, nililegeza mkono nikasuka kama yeye, hadi mstari wa kumi na saba, kumi na nane, ndipo nikaurudia mkono wangu. Ili mpaka uonekane mbali." Akafuta pua kwa nyuma ya mkono. "Nisamehe, wifi. Nilitaka wakuone vile vile."

Nusu Kichwa hakujua amkumbatie au amtupie kopo la vidonge. Miezi yote hiyo amepigana na watu wanaomhurumia, na huruma kubwa kuliko zote ilikuwa inasimama nyuma yake na chanuo.

Daktari alikohoa. "Naelewa ni ndugu yako. Lakini unaona ninachokiona mimi? Picha zilipomkataa, shahidi amebadilika. Siwezi kuandika hilo kwenye faili."

Hapo ndipo wifi alipoinua macho, na Nusu Kichwa, anayemjua miaka mingi, alijua kuna mtu atapewa za uso.

"Daktari, sikuja hapa kuandikwa mwongo," alisema. "Mkono naweza kuulegeza, lakini siwezi kuubadilisha. Mimi ni mashoto. Mstari wangu hulalia kushoto hata niufanyeje, mama yangu alinichapa na haukubadilika. Wa wifi hulalia kulia. Chukua hicho kioo chako. Usitazame unene, tazama unakolalia."

Daktari alichukua kioo. Aliivuta picha ya tarehe kumi na sita karibu na dirisha. Nusu Kichwa alisogea akatazama naye, na akaona kabla yake, kwa kuwa ndiyo kazi yake: mistari minne iliyolalia kulia, na kuanzia wa tano, yote, minene kwa myembamba, imeinamia kushoto kama nyasi zilizopitiwa na upepo mmoja. Tarehe ishirini na moja, mitatu. Iliyofuata, mitatu. Kisha daktari, bila kuambiwa, akairudia ya tarehe tisa, kile kichwa kizima, na akakipitia mstari kwa mstari, kidole chake kikihesabu juu ya meza. Ishirini. Yote kulia.

Alikaa. Akavua miwani. Alipouliza, aliuliza kwa sauti nyingine, ya mtu ambaye hajui jibu.

"Ukimeza cheupe, kope zinashuka baada ya muda gani?"

"Nusu saa. Saa moja ikizidi."

"Na kabla hujameza?"

"Asubuhi huwa wazi. Miaka kumi na mmoja, daktari. Hujawahi kuniuliza."

Daktari alilivuta faili akaliandika hilo. Alisema kwamba ugonjwa huo hauna sura moja. Zipo aina chache za kuzaliwa nazo, ambazo dawa nyeupe inayowasaidia wengi huzidisha udhaifu, na dawa za ukoo mmoja na zile za kuzibua pua huwapa nguvu, polepole, siku hadi siku. Alilisoma zamani. Hakuwahi kukutana na mgonjwa wa namna hiyo, au labda, alisema akitazama faili nene, alikutana naye na hakumtambua. Vyeupe aache. Atatoa damu ipelekwe kupimwa aina yake. Moyo utapimwa leo, kabla ya lolote, na kama unaruhusu, atampa dawa ya ukoo ule kwa dozi anayoijua yeye, na atamwona kila wiki.

"Vya dukani usiviguse tena. Siku kumi na mbili zile ungeweza kuanguka ukafa na chanuo mkononi. Na usiende kuwaambia wenye misuli dhaifu wote wakanunue. Mwenzako vinaweza kumdhuru."

"Nimekusikia. Na wewe nisikie." Nusu Kichwa alichukua pochi yake kwa wifi, akatoa barua ya kazi nyepesi, ambayo hakuwa amempa kaka yake. Akaiweka juu ya visogo. "Hii nakurudishia. Ukiandika nyingine kuhusu mikono yangu, uwe umeniuliza kwanza."

Daktari aliichukua, akaichana mara moja katikati, akaitupa kwenye pipa.

Moyo uliruhusu. Dawa haikuwa na haraka ya vile vidonge vyekundu. Wiki ya kwanza hakuona kitu akamtukana daktari mgongoni, wiki ya pili akasuka mistari saba, ya nne kumi na moja. Picha ziliendelea kubandikwa, na wifi aliapa mbele ya ukuta kwamba kila mpaka utakaa ulipo, hata ukiwa aibu. Kaka alipita, akazitazama, akasema msusi mpya bado anakuja tarehe mosi, labda kwa msaada tu. Siku tatu kabla ya tarehe mosi, saluni ikiwa imefungwa kwa mapumziko, Nusu Kichwa alivuta kigoda kifupi.

"Kaa."

"Nani?" wifi aliuliza.

"Unamwona nani mwingine? Nywele zako zinatia aibu biashara."

Wifi hakukaa mara moja. Miaka yote alisukwa na jirani, na wote wawili walijua sababu. Kichwa cha wifi kilikuwa kichwa pekee ambacho Nusu Kichwa hangeweza kukikabidhi kwa wifi. Akiachia katikati, saluni nzima hakuna wa kuitwa.

"Wifi, hujafika hata kumi na tano."

"Ndiyo maana nataka ukae."

Alikaa. Chanuo likapita sikio la kushoto. Walizungumza mwanzoni, kisha wakahesabu mistari. Mstari wa kumi, wa kumi na mbili, jua likatoka kwenye kizingiti likafika kwenye miguu yao. Kwenye wa kumi na sita mikono ilianza kuishiwa nguvu. Aliijua hali ile, tangu darasani aliijua. Ilishuka yenyewe ikatua kwenye mabega ya wifi, na wifi akaanza kuinuka.

"Nikamwite jirani. Hakuna ubaya, umefika mbali sana."

"Kaa."

"Wifi..."

"Nimesema kaa. Sijakuita."

Wifi akakaa. Nusu Kichwa aliiacha mikono pale mabegani. Hakuihimiza wala hakuiomba. Alihesabu pumzi zake, akatazama ukuta wa visogo, akapumzika kama anavyopumzika mtu yeyote mwenye kazi mkononi, na ilipokuwa tayari akaiinua. Wa kumi na saba ulimchukua muda wa mistari mitatu. Wa ishirini aliusuka ameegemeza viwiko kwenye mgongo wa wifi yake, akafunga ncha, akaketi sakafuni pale pale aliposimama.

Wifi alipeleka vidole nyuma ya kichwa akautafuta mpaka, kutoka sikio hadi sikio, polepole. Kwenye mstari wa kumi na sita vidole vikasimama.

"Hapa umelegea. Nikuonyeshe kwenye kioo? Unaweza kuufumua ukaurudia kesho."

"Hapo nilipumzika," alisema Nusu Kichwa. "Uache ulivyo. Piga picha."